Aliyeshika Ncha ya Pili

Katani aliyoiacha ikining'inia ilikuwa imesokotwa.

Cheptoo aliweka ndoo chini akaishika. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda mtoni, alikuwa amefunga fungu la nyuzi kwenye kulabu ya gurudumu ndani ya banda, ili zisiguse vumbi. Sasa nyuzi zilikuwa zimekuwa kamba. Ilikuwa fupi, urefu wa mkono wa mtu, lakini imekaza vizuri na hakuna uzi uliochomoza. Alisimama akasikiliza. Nje upepo ulipita kwenye vichaka vya leleshwa, mbuzi mmoja akalia, basi.

Banda hilo lilikuwa la Wawira. Yeye na Cheptoo waliolewa na mwanamume mmoja, Kimaiyo, na kwa miaka mingi walisokota kamba pamoja kwenye shamba la mzungu upande wa Rongai. Walikata mkonge uliopandwa kuzunguka shamba, wakaupara, wakauosha, wakauanika kwenye ua hadi ukawa mweupe. Kusokota ndiyo kazi isiyofanywa na mtu mmoja. Mmoja huzungusha gurudumu la mti. Mwingine hufunga fungu la katani kiunoni, akatembea kinyumenyume akiachia nyuzi kidogo kidogo, na kamba ikarefuka kati yao. Wawira alikuwa mtu wa kuzungusha. Hakupenda jua, kwa hiyo alijijengea banda la nyasi lenye mlango mdogo, na mchana mtu aliye nje hakuweza kumwona. Aliona mlango mweusi na kamba ikitoka humo, akasikia gurudumu likilia, kwii, kwii.

Hawakupendana. Wawira alikuwa Mwembu, Cheptoo Mtugen, na lugha waliyokutana nayo ilikuwa Kiswahili cha shambani, ambacho walikitumia zaidi kugombana.

"Unazungusha kama mtu anasaga wimbi," Cheptoo alikuwa akimwambia.

"Na wewe unatembea kama umebeba jeneza," Wawira alikuwa akijibu kutoka gizani.

Kimaiyo alipofariki kwa nimonia, waliendelea hivyo hivyo. Cheptoo alikuwa na binti aliyeolewa mbali, Keringet. Wawira hakuwa na mtoto. Hakuna aliyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kisha Imajensi ikaingia, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Asubuhi moja malori yalisimama kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, na nyapara akaita Wakikuyu, Waembu na Wameru wote watoke. Wawira alitolewa akiwa na bakuli la uji mkononi. Cheptoo alikimbia na blanketi lake, lakini askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki, blanketi likaanguka kwenye matope. Wawira alimtazama kutoka juu ya lori.

"Funika gurudumu," alisema. "Mvua itaoza ile mti."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho lori likiondoka. Jioni hiyo laini nzima ilikuwa tupu. Milango ilifungwa kwa waya, majivu yakapoa mekoni, na paka wakahama mmoja mmoja. Mzungu alileta wafanyakazi wengine akawajengea karibu na nyumba yake, ng'ambo ya kilima. Upande huu alibaki Cheptoo na mbuzi wake. Alisokotea pajani vikamba vifupi vya kufungia ndama, na siku nyingine jua lilizama kabla hajamsemesha mtu yeyote. Mara nyingine alipika chakula cha watu wawili kwa kusahau, akakaa akikitazama chungu.

Ndiyo maana siku aliyoikuta katani imesokotwa, jambo la kwanza lililomjia halikuwa hofu. Aliwaza kwamba Wawira ametoroka. Watu walikuwa wakitoroka. Walijificha misituni na kwenye mabonde, na doria zilipita kuwatafuta. Kama Wawira amejificha kwenye leleshwa nyuma ya banda, kumwita jina ni sawa na kumuua.

Basi Cheptoo hakuingia tena bandani. Alifunga fungu jipya kiunoni, akapenyeza mkono mlangoni akaunganisha nyuzi zake na ile kamba fupi, akageuza uso pembeni kama mtu anayeongea na mbuzi.

"Kama ni wewe, usijibu," alisema polepole. "Shika hapo. Mimi nitatembea."

Alingoja. Kisha ndani ya mlango mweusi gurudumu likalia, kwii, na kamba ikaanza kuzunguka kati ya vidole vyake. Cheptoo alirudi hatua moja nyuma, halafu nyingine, na machozi yakamtoka bila yeye kujua ni ya nini.

Kuanzia hapo walifanya kazi kila siku jua lilipofika utosini, wakati hakuna mtu wa kupita njiani. Harufu ya ugoro ilitoka bandani, ule ugoro wa Wawira, ila chini yake kulikuwa na harufu nyingine, kama majivu yaliyomwagiwa maji. Cheptoo aliacha ugali na mboga kando ya mlango, amefunika kwa jani. Kesho yake alikikuta chakula vilevile. Kuku hakukidonoa. Siafu waliokuwa wakipita njia ile walikuwa wamekizunguka kwa mbali, mstari wao umepinda kama wanaozunguka moto.

"Hata kula hutaki," alinong'ona. "Unaogopa nini? Ni mimi tu."

Gurudumu lilisimama kidogo, kama mtu anayefikiri, kisha likaendelea.

Taratibu Cheptoo akaanza kuongea. Alieleza mambo ambayo hakuwahi kumwambia Wawira. Alieleza habari za mtoto wake wa kwanza, aliyezikwa bila jina, na jinsi usiku ule Kimaiyo anafariki alivyomwonea Wawira wivu kwa sababu mkono wa mgonjwa ulikuwa ndani ya mkono wa Wawira. Gurudumu lilisikiliza. Lilizunguka bila kukatika, bila kuchoka, bila kukohoa. Kamba iliyotoka ilikuwa nzuri kuliko yoyote waliyowahi kutengeneza, laini, nzito, na yenye ubaridi kidogo hata kwenye jua kali.

Siku moja uzi mkavu ulimkata kidole. Alivuta pumzi kwa maumivu, akakitia mdomoni.

"Pole," sauti ikasema kutoka gizani.

Ilikuwa sauti ya Wawira. Lakini neno lilisemwa kwa Kitugen, tena Kitugen cha watu wa kwao kabisa, kama mama yake alivyolitamka alipokuwa akimfunga vidonda vya utotoni. Wawira hakujua Kitugen. Alijua matusi mawili tu, na hayo aliyatamka vibaya.

Cheptoo alisimama pale juani, kidole mdomoni, na nywele za shingoni zikamsimama. Mlango ulikuwa mweusi. Kamba ilikuwa imekaza kati yao, ikitetemeka kidogo, kama kitu kinachopumua. Angeweza kuiachia wakati huo. Nyuma yake zilikuwepo nyumba tupu zenye waya milangoni, na mbele yake alikuwepo mtu aliyemwambia pole.

"Asante," alijibu kwa Kitugen, akaendelea kutembea.

Aliyenunua kamba zake alikuwa Bashir, kijana wa Bondeni, Nakuru, aliyezunguka mashambani na lori kuukuu akikusanya ngozi. Alipofika safari hiyo alikuta mizigo ya kamba imejaa mpaka mlangoni. Alifurahi, akapiga magoti akakagua moja. Aliifungua ncha kwa kucha ili aone nyuzi za ndani. Kisha akaacha kufurahi.

"Mama," alisema taratibu, "hii umesokota na nini?"

"Na katani."

"Na hii?"

Alikuwa ameshika unywele. Ulikuwa mrefu kiasi, wenye mvi. Alifungua zaidi, ukatoka mwingine, na mwingine, zimelala ndani ya katani kama mishipa ndani ya nyama.

"Unafanya kazi na nani hapa?" Bashir aliuliza, akiwa ameshusha sauti.

"Peke yangu."

"Kamba ndefu namna hii? Peke yako?"

Kule bandani gurudumu lililia mara moja tu, kwii, ingawa hakukuwa na kamba iliyofungwa. Bashir aliinuka. Alitazama ule mlango, akatazama kitambaa cha Cheptoo kichwani, na midomo yake ikawa inasoma kitu bila sauti. Hakupakia hata kamba moja.

"Usiende huko mpaka nirudi," alisema akipanda lori. "Nitakuja na mama yangu. Tafadhali, mama, usiende."

Alipoondoka Cheptoo alikaa ndani akafungua kitambaa. Nyuma ya kichwa, vidole vyake viligusa ngozi tupu, laini, baridi kama kibuyu. Aliapa kwamba hatakanyaga tena pale.

Kesho yake, jua lilipofika utosini, kimya kilianguka juu ya laini. Hata panzi wa majani walinyamaza. Cheptoo alikaa kigodani akijiziba masikio, lakini hakukuwa na kitu cha kuziba, kwa maana gurudumu halikulia wala sauti haikuita. Hakuna aliyemwita. Hilo ndilo lililomshinda. Aliona jioni itakavyokuja, na ya baada yake, na chungu cha watu wawili, na akajikuta amesimama, fungu la katani kiunoni, akitembea kuelekea bandani kama mtu aliyechelewa kazini.

"Umechelewa," sauti ilimwambia kwa Kitugen, bila hasira.

"Nilikuwa na mgeni."

"Hana haja nasi. Rudi nyuma, ndugu yangu. Leo tutengeneze ndefu."

Akarudi nyuma. Kamba ikarefuka. Alipita mti ambapo siku zote walikomea, sauti ikasema bado kidogo, akapita ua wa mkonge, sauti ikasema bado kidogo, na ingawa sasa alikuwa mbali mno kusikia mtu akinong'ona ndani ya banda, alisikia kila neno kana kwamba mdomo uko kwenye sikio lake, na fungu la kiunoni lilikwisha lakini nyuzi hazikukatika, ziliendelea kutoka, na alihisi kichwani mvuto mdogo mtamu, kama mtu anayemsuka nywele, kama mikono ya mama yake kwenye kivuli cha nyumba ya kwao, na akafumba macho akaendelea kurudi, hatua kwa hatua, bila kukumbuka kwamba nyuma yake, ng'ambo ya ua wa mkonge, ardhi ilikuwa imeliwa na mvua za miaka mingi na kulikuwa na korongo refu kuliko nyumba tatu zilizopandishwa juu ya nyingine.

Kisigino chake kiligusa hewa.

Mkono ulimshika mshipi kutoka ubavuni ukamvuta kando, akaanguka kwenye majani. Alikuwa Bashir, anahema, uso ukitiririka jasho. Nyuma yake mwanamke mnene aliyejifunga buibui alikuwa akija polepole kwa magoti mabovu, akishika kila kichaka. Huyo alikuwa Bi Kuluthum, mama yake, ambaye watu wa Bondeni walimwita kuwasomea wagonjwa wao.

Kamba ilikuwa bado inazunguka kati ya vidole vya Cheptoo. Mzunguko haukuwa umekatika hata mara moja.

Bi Kuluthum aliketi chini kando yake, akasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, akasoma tena. Kamba ilipunguza kasi, kisha ikarudia mwendo wake. Bi Kuluthum akaacha kusoma.

"Huyu aliye bandani hakutumwa na mtu," alisema. "Amekaribishwa. Nikimsomea ataondoka leo, kesho utamwita. Nani yuko mle ndani?"

"Mke mwenzangu."

"Dada, nitazame. Ni mke mwenzako?"

Cheptoo aliinamisha kichwa. "Hapana."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu aliponiambia pole," Cheptoo alisema. "Wawira hakuwahi kuniambia pole."

Bi Kuluthum hakumlaumu. Alimfuta vumbi usoni kwa ncha ya buibui, kama mtoto. Kisha akatoa kisu kidogo cha jikoni, akakisomea, akakiweka mkononi mwake.

"Siku zote umeenda kwake kinyumenyume," alisema. "Sasa geuka, umwendee uso kwa uso. Umkatae kwa mdomo wako, na ukate wewe mwenyewe. Sisi tutakuwa nyuma yako, lakini mlangoni utafika peke yako."

Cheptoo akainuka. Aliifuata kamba kuelekea bandani, akiizungusha mkononi kadiri alivyokwenda, na nyuma yake alisikia sauti ya Bi Kuluthum ikisoma, na mbele yake alisikia kwii, kwii, na kila hatua harufu ya majivu maji ilizidi mpaka ikawa ladha mdomoni. Sauti ya Wawira ilimwita. Hakujibu. Ikaja sauti ya Kimaiyo, ile ya siku za mwisho, yenye kifua kilichojaa maji, ikimwomba amshike mkono. Akaizungusha kamba mkononi, akasonga. Mwishowe ikaja sauti ya mtoto mchanga aliyelia mara moja tu, na Cheptoo akauma kitambaa chake asipige yowe, akaendelea, hadi akainama mlangoni na macho yakalizoea giza.

Mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Wawira, amempa mgongo. Mabega yalikuwa membamba. Mkono ulizungusha gurudumu bila haraka. Na nywele zilizoanguka juu ya mgongo ule zilikuwa za mvi, na Cheptoo alizijua, kwa sababu zilikuwa zake.

"Nikiondoka," mtu yule aliuliza bila kugeuka, kwa upole, "utabaki na nani?"

Ndege hakulia. Bi Kuluthum mwenyewe alikuwa ametulia, au labda Cheptoo hakumsikia tena.

"Sitabaki na mtu," Cheptoo alijibu. "Nitabaki peke yangu. Sikutaki. Toka."

Akakata.

Kamba ilimpiga kifuani kama fimbo. Gurudumu lilizunguka kwa kasi, mti ukapasuka katikati, na upepo wa baridi ukatoka bandani ukampita usoni, polepole, kama mtu anayepita karibu nawe mlangoni na hataki kukusukuma. Kigoda kilikuwa kitupu. Walichoma banda siku ile ile, pamoja na kamba zote. Moshi ulinuka nywele.

Bi Kuluthum alimwomba waende naye Nakuru akakae kwao. Cheptoo alikataa. Alisema mbuzi hawana mtu. Ukweli alikuwa akiwaza kwamba Wawira akirudi, atarudi hapa.

Miaka ikapita juu yake kama inavyopita juu ya jiwe. Nywele ziliota tena, haba. Alirudi kwenye vikamba vya ndama. Bashir alipita, akaacha sukari na salamu za mama yake, akaondoka. Hakuna kilicholia mchana wala kilichomwita, na kulikuwa na siku, hasa za mvua, ambapo alisimama mahali banda lilipokuwa akalia kwa kukosa hata hicho.

Imajensi ikaisha. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, kimyakimya. Alasiri moja, jua likiwa bado juu ya kilima, mwanamke mwembamba alikuja kwa njia ya ua wa mkonge akasimama uani.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe umekonda," Cheptoo akajibu.

Wawira hakuketi mpaka alipokagua ua wote kwa macho. Kisha walikaa ndani kwenye benchi, chai mkononi, hawajui pa kuanzia. Aliuliza gurudumu liko wapi. Cheptoo akamweleza yote, bila kuficha, hata wivu wa mkono wa Kimaiyo. Wawira alisikiliza akitazama chini.

"Huko walitufungia kwenye kijiji chenye ukuta wa miti iliyochongwa," alisema baadaye. "Mchana tunachimba mitaro. Wale nilikaa nao nyumba moja wakafa kwa kuhara. Nikabaki mimi. Kuongea na jirani ni viboko. Ndiyo mtu akakuja kukaa na mimi." Alikunywa kidogo. "Alikuja na sauti yako."

Cheptoo alimgeukia. "Alikwambia nini?"

"Alinigombeza. Ati nazungusha kama mtu anasaga wimbi. Kila siku alinigombeza." Wawira alitabasamu kidogo, tabasamu ambalo Cheptoo hakuwahi kuliona. "Nikasikia niko nyumbani."

Kivuli cha kilima kilikuwa kimefika uani. Mbuzi, ambao walikuwa wamelala, waliinuka wote kwa pamoja wakajibana kwenye ua wa mbali. Cheptoo aliweka kikombe chini, akaenda haraka kufunga mlango.

"Usifunge bado," Wawira alisema.

"Kwa nini?"

"Mimi sikupata mtu wa kunipa kisu, Cheptoo. Na sijui kama ningekata." Hakuinua macho. "Yuko njiani. Hawezi kwenda haraka, amenibebea blanketi."

Cheptoo alisimama, mkono kwenye mlango. Angeweza kufunga. Angeweza kumtuma mtu Bondeni kesho alfajiri. Alimtazama mwanamke yule kwenye benchi, mifupa ya shingo imetokeza, viatu vimekwisha, amekuja njia yote ile mpaka hapa na si kwingine. Nje, kwenye ua wa mkonge, jani moja lilikatika, kisha jingine karibu zaidi, na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikaingia taratibu ndani ya nyumba.

Akauachia mlango. Akarudi kwenye benchi, akakaa karibu na Wawira, bega kwa bega, kisha akasogea kidogo ili mtu wa tatu apate nafasi.